Kilio cha mara ya pili



Leo sina ushauri wa kutafuta kazi. Nataka tuzungumze juu ya video. Si filamu, si klipu za wanamuziki. Ni zile video ambazo kila mmoja wetu anaangalia usiku, wakati mega za bei ya chini zinaanza: ndoa ya Wakongo kule Arizona, kwaya iliyovaa sare ya kitenge ndani ya kanisa la kukodi, mzee mmoja ameketi ndani ya gari lake anafundisha "mila zetu", na zaidi ya yote, vilio. Kilio cha huku kinachoangaliwa kule, na kilio cha kule kinachoangaliwa huku. Tunaziangalia, tunazipataje, tunalia nazo, na bado sijaona msomi wa kwetu hata mmoja akizichukua kama kazi ya kuchambua, vile tunachambua riwaya ao tamthilia. Tunasema tu kama ni nzuri juu "zinahifadhi utamaduni", ao kama ni mbaya juu "diaspora wanapenda kujionyesha". Maneno yote mawili naona ni uvivu.

Niseme mapema kabisa kama mimi si mtu wa pembeni. Nilisoma mawasiliano, diploma yangu iko ndani ya sashe juu ya kabati, na kwa miaka kadhaa pesa yangu ya kweli imetoka katika kushika telefone kwenye sherehe na vilio vya watu wa Uvira ili ndugu zao wa Marekani waone. Dola kumi na tano, ishirini, na kama ni ndoa kubwa, hamsini. Kwa hiyo nikisema vibaya juu ya video hizi najisema na mimi mwenyewe, tena mbele.

Kwanza tukubaliane ni diaspora gani. Wengi wakisikia neno hilo wanaona Matonge ya Brussels, ile sehemu ya Ixelles yenye jina la mtaa wa Kinshasa, ao Château Rouge ya Paris. Wanaona Kilingala, ma-sapeur, mikiliste anayeshuka uwanja wa ndege na masanduku manne. Diaspora hiyo iko na historia yake na kelele zake. Tarehe 28 Februari 2020, siku Fally Ipupa alipoimba Bercy, moto uliwaka karibu na Gare de Lyon, kwani wale wanaojiita combattants walikuwa wamepiga marufuku kwa miaka mingi wanamuziki wa nchini wanaowahesabu kuwa karibu na utawala wa Kinshasa: wasipande jukwaa la Ulaya. Shikeni jambo hilo kichwani, nitalirudilia.

Ndugu zetu sisi watu wa Fizi na Uvira hawakupita njia ya Kinshasa. Walipita ziwa. Vita ya 1996, kisha ile ya 1998, iliwavusha Tanganyika usiku, ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma wakaingia makambini: Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, Lugufu iliyofuata 1997. Kuanzia 2005 meli zilikuwa zinawachukua Kigoma na kuwashusha Baraka, wale waliokubali kurudi. Wengine walikataa. Lugufu ilipofungwa 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu, wakaanza kujenga upya nyumba za matofali mabichi kwa mara ya pili ao ya tatu. Halafu Marekani ikaanza kuwachukua kwa wingi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 nchi hiyo iliingiza wakimbizi zaidi ya 100 000, na Kongo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, karibu mtu mmoja kwa kila watano.

Donc Kiswahili unachosikia Louisville ao Dallas hakikutoka Uvira moja kwa moja. Kilikaa Kasulu miaka kumi na tano, miaka ishirini. Na watu wanaotengeneza video hizi wengi hawakuwahi kuwa "watu wa Kongo waliohamia Marekani". Walikuwa watu wa kambi. Ukiweka Kongo upande huu na Marekani upande ule, video hutazielewa, juu katikati kuna kitu cha tatu, na ni hicho kinachozungumza kwa sauti kubwa.

Mfano. Chukua laivu yoyote ya kilio. Dakika ishirini za kwanza hakuna kitu. Unaona pazia, unaona paji la uso la mwenye telefone, unasikia viti vya plastiki vinavutwa. Na mwenye telefone anasoma majina. "Namuona Mama Riziki wa Boise, karibu mama. Mchungaji ameingia. Familia ya Phoenix, tunawaona. Nyarugusu, munatusikia? Nyarugusu?" Anasoma, anarudilia, aliyesahauliwa anaandika kwa hasira kama yeye pia yuko ndani, naye anasomwa. Chuoni tulifundishwa kukata vitu kama hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa ninavikata: ninasubiri mchungaji aanze, ndiyo ninafungua laivu. Watu walinikasirikia. Mzee mmoja wa Iowa alinitumia odio: "Kijana, umetupa sherehe, umetunyima watu."

Ilinichukua muda kuelewa. Mama yangu anahifadhi karatasi moja ya Msalaba Mwekundu, ya 1999. Nyinyi wadogo pengine hamujui zile karatasi. Ilikuwa barua isiyofungwa, mistari michache tu, habari za familia peke yake, hakuna siasa, hakuna vita. Yake ilitoka kwa mdogo wake aliyekuwa Lugufu. Ndani hakuna hadithi yoyote. Kuna majina: fulani yuko hapa, fulani tumemuacha njiani, fulani amezaa, fulani hatujui. Ni hayo. Na redio, kabla ya telefone kuenea, ilikuwa na salamu zake: jina, mahali, jina, mahali, nusu saa nzima, na watu wanasikiliza kama habari za dunia. Laivu ya kilio ni mtoto wa karatasi ile na wa redio ile. Facebook ilifungulia watu wote laivu 2016. Watu wetu walikuwa tayari wanajua kazi yake. Wanahesabiana. Nani yuko, nani hayuko, nani anaishi wapi sasa.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza kama mchambuzi ni hii: video bora za diaspora ni zile tunazoziita mbaya. Ile inayotikisika, yenye pazia na paji la uso, iko na ukweli mwingi kupita ile ya droni na muziki wa piano. Ile ya droni inaonyesha kama kuna pesa. Ile ya pazia inaonyesha kama kuna watu.

Bon. Sasa nifike kwa kilio chetu.

Bibi yangu mzaa baba alikufa Uvira, Julai 2023. Alikuwa na watoto saba walio hai: wawili hapa, wawili Nyarugusu, watatu Kentucky. Maziko yalipangwa saa nne ya asubuhi, yaani saa kumi ya usiku kwa Louisville, na baba mudogo wangu, mkubwa kati ya wale wa Kentucky, alikuwa amevaa koti jeusi na tai ndani ya sebule yake, pamoja na watu karibu kumi na tano, kabla ya kwenda kufunga makarto kwenye depo anakofanya kazi. Hilo nawaomba mulione vizuri, juu kuna watu wanasema diaspora wanaangalia vilio vyetu kama filamu. Watu wa filamu hawaamuki saa kumi ya usiku na kuvaa tai.

Mimi ndiye nilishika telefone. Telefone ilikuwa ya baba mudogo, aliituma kwa mtu miezi miwili mbele, wakati bibi alianza kugonjwa sana. Mega pia ni yeye alinunua. Sanduku lilipotolewa ndani ya nyumba, shangazi na wamama wengine wakaanza. Wale wanaojua kilio cha kwetu wanajua kama hakuna mtu anayekiongoza: mmoja anainua, mwingine anajibu, jina la marehemu linaitwa, majina ya wale waliomtangulia yanaitwa, mtu anaanguka, mwingine anamshika. Ilidumu pengine dakika sita. Na katikati ya dakika hizo mutandao ulikatika. Uliporudi, sanduku lilikuwa limewekwa kwenye meza chini ya bashi na wamama walikuwa wamenyamaza, wanapanguza macho kwa pembe za vikwembe.

Sauti ya Kentucky ikatoka kwenye telefone: "Hatujaona kitu! Imekatika! Hatujamulilia mama!" Baba mudogo analia kweli, si mchezo. Halafu akasema: "Ambia bamama baanze tena. Tafazali. Baanze tena, sanduku irudi mu nyumba itoke."

Nilifanya nini? Niliwaambia wamama. Na wamama walikubali. Wanaume wanne wakabeba sanduku, wakalirudisha ndani, wakalitoa tena. Shangazi akainua sauti. Ikawa kilio cha mara ya pili, na nitasema jambo ambalo linanisumbua mpaka leo: kwenye video kilikuwa kizuri kupita cha kwanza. Jua lilikuwa limepanda, niliwaomba vijana wasogee pembeni, sanduku likatoka mlangoni katikati kabisa ya picha. Hakuna mtu aliyeanguka. Kila sauti ilisikika. Video hiyo imeangaliwa mara mingi sana, na watu wameandika kama inaonyesha "mila halisi ya kwetu".

Jioni nilikuwa ninamsaidia shangazi kukusanya viti. Hakuniangalia. Alisema tu: "Ile ya kwanza nililia mama yangu. Ile ya pili nililia telefone yako."

Nimejaribu kumpinga kichwani, na mtu wa kumpinga hakosi hoja. Waombolezaji wanaoongoza kilio wanajulikana tangu zamani katika makabila mengi. Kilio siku zote kimekuwa na upande wa kuonyeshwa. Aliyechelewa kufika kutoka kijiji cha mbali analiliwa upya, wanaanza tena akifika mlangoni. Hiyo ni kweli kabisa, na ni hoja yenye nguvu: baba mudogo ni mtu aliyechelewa kufika, basi wamuanzishie. Lakini aliyechelewa kufika anaingia ndani ya kilio. Anashikwa, anaangushwa, anapewa maji, anaulizwa ulikuwa wapi. Kilio kinamfanyia kitu. Baba mudogo hakuingia. Alitoa amri kutoka nje ya uwanja, na alikuwa na haki ya kutoa amri juu telefone ni yake na mega ni zake. Kosa si kuanza tena. Kosa ni kama sisi wote, na mimi wa kwanza, tulihama upande. Kabla ya pale tulikuwa waombolezaji tunaoonwa. Baada ya pale tulikuwa waigizaji.

Na kuna wale ambao hata hawakuhesabiwa kwenye mashitaka yangu. Wana wawili wa bibi walioko Nyarugusu. Wao walisikia tu. Mutandao wa pale haukuweza kubeba video, na mega hawakuwa nazo. Mtu aliwapigia simu ya kawaida akaiweka karibu na telefone yangu. Tazameni ramani: Kigoma iko ngambo tu ya ziwa. Kentucky iko nyuma ya bahari nzima. Lakini mtu wa Kentucky aliona sanduku likitoka mara mbili, mtu wa Nyarugusu hakuliona hata mara moja, na hakuna aliyemuuliza kama naye anataka waanze tena. Tukisema "mitandao imefuta umbali", tunasema umbali wa nani?

Sasa tuje kwa "mila zetu", yaani zile video za mafundisho. Huku sitakawia, juu nyingi ni za kurudilia methali ambazo kila mtoto anazijua. Lakini kuna jambo moja ndani yake linalogusa nyumba zetu, ni mahari. Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alitafuta kuolewa. Kwetu hapa mambo ya mahari yamekwisha kulainika zamani: wazee wanakaa, wanahesabu vitu vya zamani kwa majina, kisha wanavigeuza dola, wanapunguza, wanakula, imekwisha. Orodha ilitoka Kentucky. Ilikuja kama fayilo, imeandikwa vizuri kwa kompyuta, na ndani yake mbuzi wa baba mukubwa, blanketi ya bibi (bibi ambaye tulikuwa tumemzika), na majembe matatu. Majembe yenyewe, si pesa ya majembe. Baba mudogo alisema kwenye grupu: "Hatutauza mutoto kama samaki. Tufate mila."

Musichekeni haraka. Yule kijana mchumba alikwenda sokoni Kalimabenge, akaelewana na muuzaji, akachukua majembe matatu kwa siku moja. Tukayapiga video yamepangwa juu ya kikwembe kipya. Kesho yake yalirudi sokoni, muuzaji akakata kidogo kwa usumbufu. Louisville wakafurahi: mila imefuatwa. Mimi ndiye nilipanga mwanga.

Hapo ndipo ninarudi kwa Bercy. Wale combattants na baba mudogo wangu hawafanani kwa tabia hata kidogo, mmoja anawasha moto, mwingine anaandika fayilo. Lakini wote wawili wanataka kusimamia nyumba ambayo hawalali ndani yake. Na wote wawili wanaipenda kweli nyumba hiyo, ndiyo sababu inakuwa ngumu kuwaambia. Baba mudogo aliondoka 1998, usiku mmoja. Ndoa ya mwisho aliyoiona nyumbani kuanzia mwanzo mpaka mwisho ilikuwa ya 1997, na siku hiyo majembe yalikuwa majembe. Sisi tuliobaki tulibadilika polepole, kila mwaka kidogo, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Yeye hakupewa hiyo miaka. Angebadilikia wapi? Kambini kila kitu ni cha muda, na mtu wa kambi anashika kwa nguvu kile ambacho hakiwezi kuhamishwa na lori. Kwa hiyo simlaumu kwa kukumbuka 1997. Ninamlaumu kwa kutulipa tuiigize, na ninatulaumu sisi kwa kupokea.

Juu tuseme kweli, wasomi wenzangu. Kuna mangapi tumekubali juu ya ile pesa ya transferi? Nani kati yetu amewahi kumwambia mtu wa Kentucky, hapana papa, huku siku hizi hatufanyi hivyo? Tunaandika memware nzima juu ya ukoloni wa kitamaduni, tunataja Fanon kila ukurasa wa pili, halafu ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu tunapanga majembe.

Na tuko na ukatili wetu pia. Fungua video yoyote ambayo mtoto wa huko anajaribu kuzungumza Kiswahili, usome chini. "Huyu si Mukongo." "Kiswahili ya Nyarugusu hiyo." "Anaongea kama Mutanzania." Mtoto anasema "ninyi mnafanyaje" na sisi, ambao tungesema "munafanyaka nini", tunamcheka kwa sababu amesema sawasawa kuliko sisi! Akichanganya Kiingereza tunamcheka tena. Kuna ma-skechi mengi yametengenezwa Bukavu na Goma juu ya "mutoto wa Bulaya" anayeogopa sombe na kukimbia kuku. Mengine yanachekesha, nakubali, mwigizaji akiwa na kipaji. Lakini hesabuni ni mara ngapi mzaha unamgusa yule mtoto, na ni mara ngapi unamgusa mjomba anayempigia kila Ijumaa kumuomba pesa. Tumejifanya walinzi wa mlango wa ukongo, na mlango wenyewe tunaufungua kwa bei.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kuingizwa kwa wakimbizi. Mmoja wa wale baba zangu wawili wa Nyarugusu alikuwa amemaliza vipimo vyote vya afya, familia yake ilikuwa na tarehe ya ndege, Februari. Alikuwa ameuza vitu: baiskeli, mlango, mabati. Wiki ile nilitafuta kwenye video za diaspora mtu anayezungumza juu ya jambo hilo kama utamaduni. Nilipata ndoa, kwaya, na mzee wa gari akieleza maana ya ngoma. Nasema hivyo bila dharau. Ngoma ina maana yake. Lakini kama kuna kitu ambacho watu wetu wamekifanya pamoja, kwa miaka karibu thelathini, kizazi mpaka kizazi, ni kungoja: kungoja mahojiano, kungoja jina kwenye ubao, kungoja ndege. Kiko na adabu zake, utani wake, nyimbo zake, hata mapishi yake ya mahindi ya posho. Hakuna anayekipiga video. Hakionekani kama "mila" juu hakina kikwembe kipya chini yake.

Pengine mtaniuliza, kama ni hivyo wewe utaacha kazi? Sijaacha. Juma lililopita nilikuwa kwenye ndoa, Mulongwe, dola thelathini. Nimebadilisha vitu viwili tu. Ninafungua laivu mapema, viti vikiwa bado vinapangwa, na ninasoma majina ya Nyarugusu kwanza. Na mutandao ukikatika katikati ya jambo, ninawaambia walioko kule kama limewapita, nitawasimulia. Wateja wawili wamekwenda kwa mtu mwingine.

Baba mudogo hajakwenda, lakini hatujazungumza juu ya kilio kile. Aliyezungumza ni mtoto wake wa mwisho, alizaliwa Nyarugusu, aliondoka na miaka mitatu. Mwaka jana alianza kunitumia odio. Kiswahili chake kinakwenda kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, anasimama, anatafuta, anaruka. Alikuwa amepata kwenye telefone ya baba yake vipande vyote viwili vya siku ile, hata kile cha kwanza kilichokatika, ambacho watu wengine hawakijui. Nilifikiri ataniuliza juu ya sanduku, ao maana ya majina yaliyokuwa yanaitwa. Aliniuliza kuku yule aliyepita chini ya meza ni wa nani, na kama alichinjwa. Aliniuliza mama mwenye kitambaa cha njano ni nani, kwa nini hakulia, aliangalia tu mlima. Nikamjibu moja moja, ilinichukua karibu saa nzima. Kuku alikuwa wa jirani. Mama wa kitambaa cha njano ni mke wa kwanza wa babu, hadithi yake ni ndefu, nitamtumia kidogo kidogo.

Halafu akaniuliza: katika kipande cha kwanza, kabla ya kukatika, kuna mtu anakohoa karibu sana na telefone, anakohoa, anakohoa, mpaka picha inatikisika. Alikuwa mgonjwa?

Nikamwambia ni mimi, na sikuwa mgonjwa.